Uga Mkubwa Kuliko Mtama Wetu

Mjukuu wangu aliziba pua. Tulikuwa tumesimama langoni mwa uwanja wa mpira hapa Singida mjini, yeye amekuja kukimbia mbio za shule, mimi nimekuja kumshikia sweta na chupa ya maji. Ndani vibarua walikuwa wakimwaga samadi mbichi kwenye sehemu ambayo majani yamekataa kuota, na mmoja wao akafungulia maji juu yake. Harufu ikapanda mpaka kwetu. "Bibi, twende kule, hapa pananuka," akasema. Nikamwambia atangulie. Mimi nilibaki pale pale nikivuta pumzi kwa nguvu, hata mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa.

Siumwi, nilimwambia, nasikia tu harufu ya nyumbani. Akanitazama kama vijana wanavyotutazama sisi wazee siku hizi, akaenda zake. Ningemwambia nini kijana wa watu? Kwamba chini ya hayo majani kuna udongo wa kichuguu uliosilibwa na bibi yangu? Kwamba huo uwanja anaoulinda, ambao tumeuona ukibeba mipira na mikutano, sala za Idi na mahubiri ya Injili, maonyesho ya ng'ombe na mapokezi ya wakubwa, mimi niliufahamu kwanza kwa kazi nyingine kabisa, kazi ambayo haikuwa kwenye mpango wa mtu yeyote isipokuwa mimi? Wenzangu wa rika langu ndio watakaonielewa.

Sisi ni watu wa Unyambwa, pale pembeni mwa mji, ambapo siku hizi nyumba zimejaa lakini wakati ule palikuwa mashamba ya mtama na uwele, tembe za udongo na upepo usiochoka. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya nchi kujitawala, miaka ya kuitana ndugu na kufanya kila kitu kwa pamoja. Mimi nilikuwa bado nang'oka meno ya mbele. Nyumbani tulikuwa baba, mama, mimi na bibi mzaa baba, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa nyumba hata kama baba ndiye aliyevaa kofia.

Lazima nieleze kwanza habari ya uga, maana bila hiyo hamtaona nilivyoona. Mtama ukikaribia kukomaa, wanawake wa kwetu hutengeneza uga wa kupuria. Wanaleta udongo wa kichuguu, wanaulowesha, wanaupigapiga kwa magongo bapa mpaka unakuwa mgumu kama sahani, kisha wanausiliba kwa samadi ya ng'ombe iliyokorogwa na maji. Ukikauka, unaweza kumwaga punje ya uwele ukaiokota bila chembe ya mchanga. Na juu ya uga hakuna anayepanda na viatu, awe nani.

Bibi alikuwa na sifa ya kusiliba uga hadi vijiji vya mbali. Kabla hajaanza alizunguka shamba lote kimya, akishika suke hili na lile, akilipima kiganjani. Halafu alirudi nyumbani, akaburuta kisigino chake chini kuchora duara. Ukubwa wa duara ulikuwa ndio habari ya mwaka ule. Mwaka wa mavuno duara lilifika karibu na zizi. Mwaka mbaya lilikuwa dogo hata kuku wangelijaza. Alikuwa na msemo wake: mwanamke hasilibi uga mkubwa kuliko mtama wake. Kuna jirani yetu mmoja aliyewahi kukosea hesabu hiyo, akatengeneza uga mpana halafu ndege wakamaliza mtama, na mpaka anazeeka wanawake walikuwa wakimwuliza kisimani kama amepata wa kumsaidia kupura.

Mwaka ninaousema, bibi hakuchora duara. Mvua ilikatika mapema, mtama ukasimama usawa wa goti langu ukageuka rangi ya kahawia. Bibi alizunguka shamba mara moja, akarudi, akakaa kwenye kigogo mlangoni akaanza kuchambua mlenda pori. Uga wa mwaka uliopita ukabaki na nyufa zake, majani yakaota katikati. Nilikuwa nimezoea kuulizwa kila asubuhi kama nimeshiba, na mwaka ule swali hilo lilikoma bila mtu kusema kwa nini.

Ndipo nikasikia habari ya Mkiwa. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa ameolewa kule njia panda, ambako magari ya kwenda na kutoka Itigi na Manyoni husimama. Aliuza chai na mihogo ya kuchemsha barabarani. Mahali panaposimama magari, watu walisema, njaa huchelewa kufika. Baba na mama walikubaliana kwamba shangazi aje anichukue, nikakae naye mpaka hapo mambo yatakapokaa sawa. Mama alinieleza akiwa anatazama sufuria. "Utakula vizuri," alisema. Jambo hilo la kula nililielewa, lakini nilielewa pia kwamba kulikuwa na mtoto wa jirani aliyepelekwa kwa ndugu zake mwaka mwingine wa njaa na hakurudi tena, akawa mtoto wa kule, hata lafudhi yake ikabadilika. Mimi sikutaka kuwa mtoto wa kule. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu msimu ule wote.

Wakati huo huo balozi wetu wa nyumba kumi alipita nyumba hadi nyumba. "Jamani, uwanja wa mkoa ni wetu sote," alisema. "Kila nyumba itoe watu. Wanaume kwenye mawe, akina mama kwenye udongo." Wanaume walikuwa na nafasi, wanawake walikuwa na nafasi, shamba halikuwa likimhitaji mtu. Basi asubuhi moja tukashika njia ya mjini, bibi mbele na gongo lake bapa begani, mama na ndoo ya samadi kichwani, mimi nyuma na kata ya kuchotea maji.

Nilipoona kazi ya mawe nilisahau hata miguu inauma. Singida ni nchi ya majabali, kila mtu anajua, lakini sikuwa nimewahi kuona jabali likishindwa. Baba na wenzake walikuwa wamerundika kuni juu ya mwamba mkubwa kuliko nyumba yetu, wakaziwasha, wakaziacha ziwake mpaka jiwe lenyewe likawa kama linahema. Kisha wakalimwagia maji kwa pamoja. Mlio uliotoka hapo niliusikia tumboni. Jabali likapasuka vipande vilivyonyooka, na baba yangu, ambaye nyumbani alikuwa mtu wa kutafuta kofia yake kila asubuhi, alikuwa amesimama juu yake amejaa mvuke na masizi. Vipande hivyo ndivyo vilivyojenga ukuta wa uwanja.

Halafu tukaingia ndani ya ukuta. Hapo ndipo nilipoona kile kilichobadilisha kila kitu. Mikokoteni ya ng'ombe ilikuwa ikishusha udongo wa kichuguu, chungu baada ya chungu, na wanawake kutoka kila upande wa mji, kila kijiji na kipande chake, walikuwa wameinama wakiupiga kwa magongo bapa kwa mwendo mmoja, wakiimba. Madebe ya maji yalikuwa yakija kutoka ziwani. Nilionja kidogo, yalikuwa ya chumvi. Na hapa ndipo bibi alipovua katambuga zake, akaziweka nje ya udongo, akaingia miguu mitupu. Wanawake wote wa Unyambwa wakafanya vivyo hivyo.

Hakuna aliyeniambia kitu. Sikuwahi kuona mechi ya mpira zaidi ya wavulana kurusha kitambaa kilichofungwa kamba. Nilichokiona ni kazi ninayoijua, ikifanywa na mikono ninayoijua, katika majira yake hasa. Ilikuwa ni uga. Nilitazama upande mmoja nikaona wanawake wadogo kama kuku kwa umbali, nikatazama upande mwingine nikaona vivyo hivyo. Nikakumbuka maneno ya bibi kuhusu uga na mtama. Kama duara la karibu na zizi lilikuwa mavuno ya kulisha nyumba moja mwaka mzima, huu ulikuwa ni wa mavuno gani? Nilisimama na kata yangu mkononi, nikaogopa kwa furaha. Sijawahi tena kuingia msikitini wala jengo lolote likanifanya nijione mdogo na mwenye bahati kwa wakati mmoja kama nilivyojiona siku ile.

Msimamizi wa kazi alikuwa kijana mpole kutoka mjini. Yeye alikuwa ameagiza udongo upigwe tu, basi. Lakini wanawake walipomaliza kupiga hawakuweza kuuacha hivyo, ikawa kama kumwogesha mtoto bila kumpaka mafuta. Ndoo za samadi zikaanza kufika kutoka kila nyumba bila kuitwa. Msimamizi alikuja mbio. "Akina mama, hii ni nini tena?" aliuliza. "Hapa watasimama wakubwa."

"Watasimama pazuri," bibi alimjibu, akaendelea kusiliba.

Yule kijana alicheka mwenyewe, akaziba pua, akaondoka kwenda kuangalia ukuta. Baada ya siku kadhaa aliacha kuziba pua.

Kila nilichokiona baada ya hapo kilizidi kunithibitishia. Walisimamisha miti miwili na mwingine wa kulala juu yake, upande huu na upande ule. Nikajua ni vichanja vya kuanikia masuke, ila vimeinuliwa sana kwa sababu ya wingi wa mtama. Walijenga jukwaa la mbao lenye paa upande wa magharibi. Nikajua ni dungu la kukaa walinzi wa kufukuza ndege, na kwa mavuno kama hayo walinzi lazima wawe wengi. Nilikuwa nawaonea huruma ndege. Sikumwuliza mtu swali lolote, maana sikuwa na swali.

Shangazi alifika siku ambayo bibi na mama walikuwa wamepumzika. Alikuja na kifurushi cha mihogo ya kuchemsha, bado ina joto kidogo katikati. Nguo zangu zilikuwa zimeshafungwa ndani ya kanga na kuwekwa karibu na mlango.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivi? Kula, tuondoke, gari halisubiri."

Nilikula. Nisiwadanganye, nilikula muhogo wote niliopewa nikalamba vidole. Kisha nikamwambia, "Mimi siendi, shangazi. Mavuno yamekaribia."

"Mavuno ya nini, mwanangu? Nimepita shambani kwenu sasa hivi."

"Siyo ya shamba letu. Ya watu wote. Nenda mjini kauangalie uga. Vichanja vimeshasimama, na dungu. Bibi ndiye anayeusiliba, na bibi hasilibi uga wa bure."

Shangazi alifungua mdomo kucheka. Nakumbuka meno yake, na nakumbuka alivyoufunga tena, kwa sababu bibi alikuwa akimtazama. Bibi alikuwa na samadi iliyokauka kwenye mistari ya vidole. Akaanza kuikwangua kwa kucha, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Hilo la mwisho ni kweli," alisema hatimaye.

Mama aliinuka, akaenda mlangoni. Nilidhani anaenda kukichukua kifurushi changu anipe. Akapiga magoti, akafungua fundo la kanga, akatoa nguo zangu moja moja akaziweka mahali pake. "Wifi, utanisamehe," alisema bila kugeuka. "Nimekusumbua safari. Mtoto abaki, tuyaone hayo mavuno."

Jioni baba alirudi na masizi yake, akakuta bado nipo. "Kwa hiyo umekubaliana na mtoto?" alimwuliza mama.

"Nimekubaliana na mama yako," mama akasema, na maneno yakaishia hapo, maana kwa mama yake baba hakuwa na rufaa.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu, na sitaipamba. Tulikunywa uji mwepesi hata ungeweza kuona kitako cha bakuli. Mlenda tulikula mpaka koo likazoea kuteleza. Lakini sikuwa na huzuni hata kidogo, na hilo mpaka leo linanishangaza. Kila tulipokwenda kwenye kazi, niliutazama uga ule ukizidi kuwa mgumu na laini, ukimeta jua likiinama, na niliona fahari ambayo siwezi kuieleza vizuri. Watoto wenzangu walilia njaa. Mimi niliwafariji kwa habari za vichanja.

Siku moja kabla ya ufunguzi walipaka mistari myeupe kuzunguka uga wote, na duara moja katikati. Majivu ya kuzuia mchwa na siafu, nikajua. Duara la katikati lilinigusa zaidi. Nilimwonyesha bibi. "Wamechora," nikamwambia.

"Naona wamechora," alisema.

Siku ya ufunguzi tuliondoka alfajiri. Sikuwa najua kwamba dunia ina watu wengi namna ile. Walikuja kwa miguu, kwa baiskeli, kwa malori. Walitoka Iramba, Manyoni, Ikungi. Wengine walikuwa wamepanda juu ya ukuta wa baba yangu na juu ya majabali nje ya ukuta. Tarumbeta zilipigwa. Watoto wa shule wakaingia kwa mistari, mamia kwa mamia, miguu mitupu, wakainama pamoja na kuinuka pamoja, shamba zima la watoto likipigwa na upepo mmoja. Ngoma za makabila zikafuata. Nilikuwa nimebebwa mgongoni mwa mama ingawa nilikuwa mkubwa mno kwa hilo, na nilikuwa nikitazama langoni, nikingoja mikokoteni ya masuke.

Wakaja wanaume waliovaa bukta. Wakaingia wakikimbia, na chini ya miguu yao palikuwa na viatu vyenye meno.

"Mama, wana viatu," nikasema.

"Naona."

"Watauharibu."

Mpira ukawekwa katikati ya lile duara, filimbi ikalia, na vumbi la kazi yetu likaanza kupanda. Nitasema kweli: kwa muda fulani nilisahau mavuno. Mmoja wao aliupiga mpira ukaruka juu sana, watu wote wakainua nyuso pamoja, ukashuka, mwingine akaupokea kwa kifua kama mtu anayepokea mtoto, akaupiga ukapita kati ya miti ya kichanja. Sauti iliyotoka kwa watu wale ilikuwa kubwa kuliko ile ya jabali. Mama yangu naye alipiga kelele. Niliisikia ikipita mgongoni mwake ikaingia kifuani mwangu. Nami nikapiga kelele. Kisha ikapungua, watu wakakaa, nami nikautazama uga, nikaelewa. Hakuna mkokoteni uliokuwa unakuja. Dungu lilikuwa limejaa wakubwa wenye suti. Kila mtu pale alikuwa anajua, tangu siku ya kwanza, isipokuwa mimi.

Nilimtafuta bibi. Alikuwa amesimama pembeni yetu, na hakuwa anaangalia mpira kabisa. Alikuwa akitazama chini, upande wa kona. "Kipande chetu hakijabanduka," alisema kwa kuridhika.

Tuliporudi nyumbani nilitembea mwenyewe. Nilikuwa nikifikiria bakuli za uji nilizokunywa. Tulipofika mahali njia inapoacha mji, nilimshika mama kanga. "Mama, nipeleke Mkiwa."

"Kwa nini?"

"Ule si uga wa kupuria."

Mama alisimama. Upepo ulikuwa mwingi, akashikilia mtandio wake kwa mkono mmoja na kwa mwingine akanifuta vumbi usoni. "Wewe umeniambia mavuno yanakuja," alisema. "Hukuniambia lini." Akaendelea kutembea. Nilimfuata nyuma, na nilimpenda mwanamke yule kwa uchungu.

Sikumbuki ilipita muda gani. Nakumbuka mtu akipita mbio njiani akisema malori yameingia mjini, mengi, yanatoka stesheni ya Itigi, na yamebeba mahindi ya msaada wa njaa. Ghala la mjini lilikuwa dogo. Mahali pekee penye ukuta na lango moja la kulinda, na nafasi ya kupanga magunia yote hayo, palikuwa ni uwanjani. Akina mama wakaitwa tena, waje wasaidie kupanga na kugawa.

Nilipofika langoni nilidhani macho yananidanganya. Kuanzia kichanja hadi kichanja palikuwa na magunia, yamepandana mpaka juu ya kichwa cha mtu mzima, na mengine yalikuwa yakishushwa. Baadhi yalikuwa yamepasuka njiani, na mahindi yalikuwa yametapakaa juu ya udongo wetu, ya njano kama kiini cha yai. Hatukuwa tumewahi kuona mahindi ya rangi ile. Mstari mweupe wa majivu ulipita katikati yake.

Bibi alivua katambuga. Mgambo aliyekuwa langoni, kijana wa buti nzito, alimwambia, "Mama, ingieni tu na viatu. Hapa ni uwanja wa mpira."

"Kuna nafaka, mwanangu," bibi alisema.

Kijana alitazama ndani, akatazama buti zake. Akasogea kidogo kidogo mpaka akawa amesimama nje ya lango.

Tuligawa mpaka jua likawa limeegemea jukwaa. Kila nyumba ilipata fungu lake, nasi tukapata letu. Ndipo nilipomwona shangazi amesimama ukutani, na kikapu kitupu. Alikuwa amekonda kuliko nilivyokonda mimi siku ile aliyokuja kunichukua. Malori yalikuwa yamepita Mkiwa bila kusimama, alisema, akaamua kuyafuata. Chai haikuwa na mnunuzi tena, magari yalikuwa machache, na mihogo ilikwisha siku nyingi. Jina lake halikuwa kwa wagawaji wa huku, na alijua hivyo. Alikuja tu kwa sababu miguu ilimleta.

"Wifi," alimwambia mama, "mngemleta huyu mtoto, ningemlisha nini mimi?"

Mama alichukua ufagio akamkabidhi bibi, na bibi akawaita wenzake. Kwetu, nafaka ya mwisho inayofagiwa ugani haipimwi na haiulizwi. Ni ya mgeni aliyefika watu wakipura. Wanawake wakainama mstari mmoja, wakafagia kutoka kona hadi katikati, na kwa sababu uga ulikuwa umesilibwa vizuri, mahindi yale yalikuja safi, bila mchanga. Yakajaa kikapu cha shangazi, yakajaa na kanga yake.

Magunia yalikuwa yameondoka. Uwanja ulibaki mtupu, mpana, umefagiliwa, jua la mwisho likiupaka rangi. Shangazi alikaa chini kando ya kikapu chake, akanivuta karibu. Hakuwa anacheka safari hii. Alininong'oneza kama mtu anayemwuliza mkubwa mwenzake.

"Na mwaka kesho je, mwanangu? Uga unasemaje?"

Nilimtazama mama. Mama alikuwa akitazama kwingine, akikung'uta ufagio. Mimi nilikuwa nimeshajua ule ni uwanja wa mpira. Nilikuwa nimeona viatu vyenye meno, nilikuwa nimesikia filimbi. Nikautazama kutoka kichanja hadi kichanja, polepole, kama bibi anavyozunguka shamba.

"Ni mkubwa, shangazi," nikamwambia. "Ni mkubwa sana."